Chuo, misheni na karo: nani aliwasomesha watoto wa Kasongo na Kabambare

Simulizi ya elimu kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo, huanzishwa mara nyingi na Mapadre Weupe, wamisionari wa Kikatoliki. Lakini mapadre hao walipoingia Kasongo mwanzoni mwa karne ya 20, watoto wa mji walikuwa wamekwishaanza kusoma zamani. Walisoma barazani kwa mwalimu, kwa herufi nyingine na katika dini nyingine, na aliyegharamia ni mzazi. Shule ndogo ya binafsi, ile ambayo mtoto huenda asubuhi na kurudi kwao kula, ina umri mkubwa huku kuliko shule yoyote ya serikali.

Shule hiyo ilifuata njia ya misafara. Kutoka Ujiji watu walivuka Ziwa Tanganyika, wakapita Kabambare, wakateremka hadi Mto Lualaba penye Nyangwe na Kasongo. Mwaka 1870 David Livingstone alikwama Kabambare miezi mingi kwa vidonda vya miguu, na tayari wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kambi zao hapo. Mnamo 1875 Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip, aliifanya Kasongo makao yake. Utajiri wa mji huo ulitokana na pembe za ndovu na watu waliotekwa, na anayeisimulia historia yake hana haki ya kulifunika hilo. Hata hivyo, biashara ya mbali haiendi bila barua na hesabu, na Mwislamu hana budi kumfundisha mwanawe sala. Basi palipojengwa msikiti palikuwa pia na chuo, yaani shule ya Kurani, na pamoja na watoto wa wageni waliketi watoto wa wenyeji ambao wazazi wao walikuwa wameingia katika uungwana, yaani dini na desturi za pwani.

Chuo hakikudai jengo. Kilitaka mkeka, kivuli na mtu anayejua. Mtoto alikuja na ubao wake uliolainishwa. Wino ulikuwa masizi yaliyokorogwa kwa maji na utomvu kidogo ili ushike, na kalamu ilikuwa tete lililochongwa ncha. Alianza na alifu, be, te, kisha akaingia kwenye irabu, darasa zima likiimba kwa sauti moja: alifu fataha a, alifu kasira i, alifu dhuma u. Aya ikishakaa kichwani, ubao ulioshwa ukaandikwa nyingine. Wakubwa waliwasikiliza wadogo huku mwalimu akimshughulikia aliyekwama. Alhamisi jioni na Ijumaa ilikuwa mapumziko. Mzazi alilipa kwa alichonacho, kuku au mchele, na mtoto akihitimu msahafu nyumba nzima ilifanya hitima na mwalimu akapewa zawadi ya heshima.

Ni kweli kwamba wengi walihifadhi Kiarabu bila kujua maana yake. Lakini herufi hizohizo ndizo zilizoandika Kiswahili. Tippu Tip mwenyewe alipoandika habari za maisha yake, aliziandika kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu.

Tarehe 22 Aprili 1893 jeshi la Dola Huru ya Kongo chini ya kamanda Dhanis liliiteka Kasongo, na Januari 1894 Kabambare ikafuata. Mabwana wakubwa wa biashara waliuawa au wakakimbia. Vyuo havikufa, kwa kuwa havikuwa mali yao. Mwalimu aliyebaki na msahafu wake aliweza kuanza upya katika kijiji chochote, na katika miaka ya 1920 na 1930 tarika ya Kisufi ya Qadiriyya, iliyoingia kutoka upande wa Ujiji na pwani, iliwaongezea nguvu walimu hao. Watawala wa Kibelgiji waliwatazama kwa shaka tangu mwanzo hadi mwisho.

Shaka hiyo ilionekana katika fedha. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilizipa ruzuku shule za misheni za Kikatoliki za Kibelgiji. Waprotestanti walisubiri hadi 1948. Mwaka 1954 waziri wa makoloni Auguste Buisseret alianza kufungua shule za serikali zisizo za dini. Chuo kiliachwa nje ya yote hayo. Misheni iliwapa watoto Kiswahili cha herufi za Kilatini, Kifaransa na cheti, na kazi hiyo njema siipuuzi. Ila mzazi Mwislamu wa Kasongo aliwekwa njia panda: ampeleke mtoto misheni akihofia atabatizwa, au ambakishe chuoni akijua milango ya ofisi itafungwa. Waliochagua chuo waliadhibiwa, wao na watoto wao, kwa kushika dini yao. Mimi nauita udhalimu.

Baada ya uhuru mambo yaligeuka mara nyingi. Mwaka 1974 Rais Mobutu alitaifisha shule za makanisa. Tarehe 26 Februari 1977 mkataba ulirudisha usimamizi wa shule hizo kwa Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu, na baadaye Waislamu nao walipata shule zao katika mfumo huo. Sheria ya Septemba 1986 ikazitambua shule za binafsi. Lakini mshahara wa mwalimu ulishaanza kuporomoka, na baada ya migomo ya mwanzo wa miaka ya 1990 wazazi walitwishwa malipo ya walimu, ile “prime”. Vita vya 1998 hadi 2003 vilipoitenga Maniema na Kinshasa, shule iliyoitwa ya serikali iliendelea kwa sababu mkulima aliuza karanga na mawese.

Septemba 2019 shule ya msingi ya umma ilitangazwa kuwa bure. Wazazi walipumua. Ila amri hiyo humfikia mtoto anapoingia darasa la kwanza. Wa miaka mitatu, minne na mitano wanabaki mikononi mwa mzazi, kama enzi za chuo. Shule ya wadogo hufunguliwa Septemba, mvua ndiyo kwanza inaanza na mpunga mpya bado hata haujapandwa, kwa hiyo karo huombwa wakati ghala ni tupu. Mwenye shule avumilie mpaka mavuno, na mwalimu wake avumilie naye.

Jambo lingine linanihangaisha. Sheria ya Februari 2014 inataka miaka ya kwanza ifundishwe kwa lugha za taifa, na huku lugha hiyo ni Kiswahili. Shule nyingi za binafsi hujivunia Kifaransa mbele ya wazazi, kwa kuwa wazazi wanakumbuka nani alipata kazi na nani alikosa. Hofu yao naielewa kabisa. Lakini mtoto wa miaka minne wa Kabambare aliyefundishwa kuhesabu na kusimulia kwa Kiswahili atakifikia Kifaransa akiwa na akili iliyokwisha kufunguka. Mwalimu wa kumfanyia hivyo yupo tayari katika vijiji hivi. Asichonacho ni jina katika orodha ya mishahara ya serikali.