Radio na ekografi hospitalini: nani anamulipa mwenye kupiga picha?

Ku Kalemie, swali la kwanza mbele ya mulango wa radio (ile ya kupiga picha ya mifupa, si hii munayosikiliza) ni moja: bei gani? Wagonjwa wengi hawana asiransi. Wanalipa feza mukononi, wanapewa risiti, kisha wanaingia. Tangu serikali ianze kusema juu ya afya kwa wote, ile inayoitwa CSU, watu wanauliza kama picha nazo zitakuwa bure. Kabla ya kujibu, inafaa kufuata njia ya feza yenyewe, maana mwenye kupiga picha ndiye wa mwisho kuiona.

Huyu ni tekinisyeni wa radio, aliyesomea kazi hiyo ku ISTM. Wakati mwingine ana musaidizi aliyejifunzia kazi palepale hospitalini. Anapanga mugonjwa, anapima mwanga, anasafisha picha, anaipeleka kwa munganga mwenye kuisoma. Umeme wa Bendera ukikatika, anangoja gurupu, na gurupu inataka mazutu. Kwa hiyo katika bei ya picha moja mumo filimu, mazutu, matengenezo ya mashine na munganga wa kuisoma. Jasho la tekinisyeni halina mustari wake ku fakture.

Basi anaishi na nini? Kwa sheria, mufanyakazi wa hospitali ya serikali anapata mushahara na prime ya hatari ya kazi kutoka Kinshasa. Lakini shariti awe na namba ya matrikule na aingizwe ku listi ya malipo. Wengi hawajaingizwa, wanaitwa «nouvelles unités», hata kama wamezeeka ndani ya kazi. Hao wanategemea prime ya hapa kwetu, yaani sehemu ya mapato ambayo hospitali inagawa mwisho wa mwezi. Na mapato hayo yanatoka mufukoni mwa mugonjwa. Kwa hiyo risiti ya picha ya mugongo wa baba fulani njo inayomulisha tekinisyeni.

Sheria ya CSU ni ya tarehe 13 Desemba 2018, namba 18/035, iliyobadilishwa mwezi wa Machi 2023. Chombo cha kulipa ni Mfuko wa Mushikamano wa Afya. Kazi ya kwanza iliyoonekana ni uzazi bila malipo, uliozinduliwa Kinshasa mwezi wa Septemba 2023, kisha ukaanza kupelekwa ku majimbo mengine. Unahusu kumufuata mama mwenye mimba, kuzaa kwa kawaida ao kwa kupasuliwa, na kumutunza mutoto muchanga.

Mfuko haulipi mutu, unalipa hospitali. Mama anatibiwa, hospitali inaandika fakture, wanaikagua, kisha feza inatumwa kwa bei ya jumla iliyokubaliwa mbele. Tekinisyeni hana fakture yake. Kama ekografi imo ndani ya ile bei ya jumla, kazi yake imelipwa pamoja na dawa, glovu na kitanda.

Hapa ndipo kuna hatari, na haisemwi vya kutosha. Mugonjwa anayelipa mwenyewe analeta feza siku ileile. Mfuko unaleta baadaye, na hospitali za Kinshasa zilikwisha kulalamika juu ya kuchelewa. Tekinisyeni asiye na matrikule hawezi kungoja: kama kapu ya hospitali ni tupu, prime yake njo inakatwa kwanza. Na mutu asiyelipwa anaweza kuanza kuomba «ya maji» kando ya mulango, na ile «bure» inakwisha hapo. Kumulaumu peke yake hakutengenezi kitu.

Kungoja CSU si njia moja tu. Sheria ya kazi inamulazimisha mwenye kuajiri kumutunza mufanyakazi na jamaa yake, kwa hiyo mwenye kazi rasmi aombe karatasi ya kampuni kabla ya kwenda hospitali. Walimu wana mutuele yao, MESP, inayokatwa ku mushahara. Watu wa soko, wavuvi na motari wanaweza kujiunga na mutuele, ambayo sheria ya Februari 2017 inaikubali. Ku Rwanda mutuele imeenea muno: hospitalini mwenye kadi analipa 10 kwa mia, na sehemu kubwa ya fakture inatumwa ku RSSB.

Kwa mama mwenye mimba, jambo hili si la kungoja. Shirika la Afya Duniani, OMS, linapendekeza ekografi moja kabla ya juma la 24. Ni wakati ule mapacha wanaonekana, na siku za kuzaa zinahesabika vizuri.

Ukifika ku kesi, uliza mambo matatu. Ekografi yako imo ndani ya uzazi wa bure ao hapana? Bei imeingiza na kazi ya munganga anayesoma, ama utalipa tena? Na risiti iko wapi? Feza yoyote isiyoandikwa ku risiti haiingii ku mapato ya hospitali, wala ku prime ya tekinisyeni. Picha ukipewa, uichunge nyumbani pahali pakavu; munganga mwingine anaweza kuisoma bila wewe kulipa nyingine.