Cherehe si Cherehani

Jirani yangu, ambaye hutengeneza visu kwa kujifurahisha, kaniuliza: ile mashine yenye mkanda wa msasa unaozunguka tuiiteje? Wengi husema "grenda", lakini jina hilo limeshachukuliwa na mashine ya mkononi ya mafundi wa mageti. Mimi nasema cherehe ya mkanda.

Cherehe ni jiwe la duara la kunolea, lile ambalo mnoaji wa mtaani hulizungusha kwa pedali za baiskeli. Ni dada yake cherehani. Maneno yote mawili asili yake ni charkh ya Kiajemi, yaani gurudumu. Msasa nao kwanza ni mti, ambao majani yake hukwaruza kiasi kwamba maseremala waliyatumia kulainishia mbao.

Kinachonikera ni kuiita kila kazi ya mashine hii "kunoa". Anayenoa anayarudisha makali. Anayepunguza chuma ubavuni mwa kisu, toka mgongoni hadi kwenye makali, bado anachonga. Akichongea pale mkanda unapopita juu ya gurudumu, ubavu unabonyea: makali yanakuwa membamba kama ya wembe, ila mfupa hayauwezi. Akiegemeza kwenye bamba lililo nyuma ya mkanda, ubavu unanyooka, na hicho ndicho kisu cha jikoni. Akitumia sehemu ya mkanda iliyolegea, ubavu unatuna, unafaa panga. Basi tuseme ubavu bonde, ubavu bapa na ubavu tumbo.

Jirani nimemshauri anunue cherehe inayopunguzwa kasi, na ndoo ya maji iwe karibu. Kisu kilichokwisha kutiwa ugumu kikigeuka bluu kwa joto, makali yake hayatadumu.