Kigoda na Mkuki: Uongozi Wakati wa Shida katika Mapokeo ya Ufipa

Katika fasihi ya Kiswahili shujaa hutambulikana kwa silaha yake. Fumo Liyongo wa pwani asifiwa kwa nguvu zake na kwa upinde wake. Lakini huko Ufipa, katika nchi ya juu iliyo kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ambayo mji wake mkuu leo ni Sumbawanga, masimulizi ya asili ya utawala yampima kiongozi kwa kipimo kingine.

Wazee husimulia kwamba mtu wa kwanza, Ntatakwa, alishuka kutoka mbinguni, na wazao wake wakatawala Milansi. Siku moja mtawala wa Milansi alikuwa mwituni akiwinda. Wakatokea wanawake wageni wa ukoo wa Twachi, na nyumbani wakapewa kigoda cha utawala. Aliporudi akakuta kigoda kimekwisha kukaliwa. Basi pakafanywa mapatano: wageni watawale nchi, naye abaki na Milansi pamoja na mlima wa Itweelele, na heshima ya mambo ya ibada. Tangu hapo mtawala wa Twachi hakuweza kutawazwa bila mkono wa Milansi.

Msomaji aweza kuuliza: je, huu ni ushujaa, au ni woga uliovikwa nguo nzuri? Tena aweza kusema kwamba hadithi hii imetungwa na washindi. Hoja hiyo ina uzito, lakini haitoshi. Kama washindi wangalitunga peke yao, wangalijiita wenyeji, wala wasingalikubali kukumbushwa kila wanapotawazwa kwamba walikuja wakiwa wageni. Aliyetoa kigoda hakutoa kila kitu. Alibakiwa na haki ya kumfanya mwingine awe mfalme. Kujua lipi la kuachilia na lipi la kushika, huku watu wakikutazama, si kazi ya mwoga.

Wala tusidhani kwamba hadithi hii ni picha kamili ya mambo yalivyokuwa. Ukoo wa Twachi wenyewe uligawanyika, zikawa falme mbili, Nkansi na Lyangalile. Katika miaka ya 1840 Wangoni wakaingia Ufipa kwa vita, na kiongozi wao Zwangendaba akafa huko huko. Alipokwisha kufa, wafuasi wake waligombania urithi wakatawanyika, wengine kaskazini, wengine mashariki, wengine kusini. Mikuki walikuwa nayo. Kilichokosekana ni mapatano ambayo wote wangeyaheshimu.

Hapo ndipo thamani ya masimulizi ya Milansi inapoonekana. Hayatuambii kwamba Wafipa hawakupigana. Yatuambia kwa kipimo gani waliwahukumu viongozi wao. Joseph Thomson, aliyepita Ufipa mwaka 1880, aliwakuta ni wakulima wapendao amani. Mtaalamu Roy Willis, aliyefanya uchunguzi huko mwanzoni mwa miaka ya 1960, alitoa kitabu cha fasihi simulizi yao mwaka 1978, na mwaka 1981 kingine kilichoichunguza hadithi hii kwa mapana.

Yafaa basi tunapokusanya habari za mashujaa wetu, tusiwatafute katika uwanja wa vita tu. Mkuki huonyesha nani alishinda siku ile. Kigoda huonyesha watu waliishije kesho yake.