Kutoka Ubaoni hadi Kwenye Kiwambo: Safari ya Neno "Hifadhi" Mjini Bagamoyo

Aghalabu istilahi hujadiliwa kana kwamba huzaliwa mezani pa wataalamu na kisha hupelekwa kwa wananchi kama barua iliyokwisha tiwa muhuri. Katika makala haya tumekusudia kutazama jambo hilo kutoka upande wa pili, yaani upande wa mtu aketiye mbele ya kompyuta ya mezani kwa mara ya kwanza, akiwa na maneno aliyokuja nayo kutoka nyumbani, chuoni na kazini. Tutafuata hasa neno moja, nalo ni hifadhi. Na mahali pake ni Bagamoyo na pwani iliyo kaskazini ya Dar es Salaam, ambako neno hilo limekuwa na kazi nyingi kabla ya kupewa hii ya mwisho.

Katika miaka ya mwanzo ya karne hii tulipata kuhudhuria, kama wasikilizaji, darasa la jioni la watumishi mjini Bagamoyo. Mwalimu alikuwa kijana, na wanafunzi wake wengi walikuwa makarani na walimu wenye umri wa wazazi wake. Maandishi yote kwenye mashine yalikuwa ya Kiingereza, ingawa mafundisho yalikuwa ya Kiswahili. Mzee mmoja, karani wa miaka mingi, alitumia saa nzima kuandika barua ya ukurasa mmoja kwa vidole viwili. Alipomaliza aliisoma tena, akaridhika, akanyosha mkono na kuzima swichi ya ukutani, kama azimavyo taa ya ofisini kwake. Kesho yake barua haikuonekana. Kijana akamwambia kwa upole, "Mzee wangu, hukuseivu." Mzee akajibu, "Mwanangu, barua nimeiandika. Wewe mwenyewe uliiona."

Jibu hilo halikuwa la ujinga. Kwa mtu aliyefanya kazi na karatasi maisha yake yote, kuandika na kuweka ni tendo moja. Wino ukikauka, barua ipo. Yaweza kupotea, kuungua au kuliwa na mchwa, lakini haiwezi kutoweka kwa sababu mwandishi ameondoka mezani. Mashine inamtaka atenganishe mambo mawili ambayo kwake hayajatengana hata siku moja: kwanza aandike, kisha atoe amri ya pili ili kilichoandikwa kibaki. Na amri hiyo ya pili alipewa kwa neno "seivu", ambalo halikumwambia lolote.

Aliyeuondoa utata huo si mwalimu, bali mwanafunzi mwingine, mama mmoja aliyekuwa akifundisha watoto madrasa. Alisema, "Ni kama ubao, mzee. Umeandika ubaoni, lakini hukuhifadhi." Mzee akacheka, na tangu hapo hakupoteza barua nyingine katika muda wote tuliokuwapo.

Hatuna budi kusimama hapa, kwani ndani ya sentensi hiyo mna historia ndefu. Katika vyuo vya Korani vya pwani, mtoto hakuanza na karatasi. Alianza na ubao wa mti, akiandikiwa herufi na kisha aya kwa wino uliokogeka kwa maji. Alipokwisha kuijua sehemu yake, ubao ulioshwa, akaandikiwa nyingine. Ubao haukuwa mahali pa kuweka kitu. Ulikuwa mahali pa kufanyia kazi. Kilichobaki ni kile alichokihifadhi, yaani alichokishika moyoni kwa kukikariri. Aliyeacha ubao uoshwe kabla ya kuhifadhi hakuwa na chochote, hata kama mwandiko wake ulikuwa mzuri.

Kwa habari za malezi na mafunzo hayo tunaye shahidi wa Bagamoyo hiyo hiyo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, ndiye mwandishi mkuu wa maelezo ya desturi za Waswahili ambayo Carl Velten aliyachapisha mwaka 1903. Humo chuo na mwalimu wake vimepewa nafasi miongoni mwa mambo ya utoto, pamoja na michezo na jando. Msomaji wa leo anayejishughulisha na istilahi atafaidika akikisoma kitabu hicho si kwa ajili ya mila tu, bali pia kwa ajili ya kuona jinsi kila tendo dogo la mikono lilivyokuwa na kitenzi chake.

Karatasi nayo ilikuwa na zama zake. Mapadre wa Roho Mtakatifu walijenga misheni yao Bagamoyo mwaka 1868. Wadachi wakauweka hapo makao ya utawala wao mpaka mwaka 1891, walipohamia Dar es Salaam. Pamoja na utawala wa Wadachi, kisha wa Waingereza, zilienea kazi za ukarani: hati, jalada, masijala, muhuri, na baadaye mashine ya kupigia chapa. Neno faili lilikuwa limekwisha kaa ofisini kwa muda mrefu kabla ya kompyuta, na hapo ndipo lilipotuachia tatizo ambalo halijatatuliwa vizuri. Kwa karani, faili ni lile gamba linalobeba barua nyingi. Kwa kompyuta, faili ni barua moja, na kinachobeba barua nyingi kimeitwa folda, na wengine wakakiita kabrasha. Kwa hiyo mwalimu anapomwambia karani, "Fungua folda, kisha uchague faili," anamgeuzia masijala yake juu chini. Sisi tungependelea jalada litumike kwa kile kinachobeba. Lakini tunakiri kwamba folda imekwisha tangulia.

Kompyuta yenyewe ilifika nchini mapema kuliko wengi wanavyodhani. Ya kwanza ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, miaka miwili kabla ya Baraza la Kiswahili la Taifa kuundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Mashine za namna hiyo zilileta matatizo katika hesabu za serikali, na mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila ya kibali maalumu. Masharti hayo yalilegezwa baadaye. Wanahistoria wa uchumi wameijadili amri hiyo kwa upande wa fedha. Sisi twaitaja kwa sababu ya lugha. Kwa miaka mingi, kompyuta ilikuwa kitu ambacho wananchi wachache mno walikigusa. Istilahi zake zikalazimika kutangulia mikono. Ndipo yalipotokea maneno kama ngamizi, ambalo halikukosa uhalali wa kitaaluma, ila lilikosa mtu wa kulitumia. Tarakilishi lilipata bahati zaidi, hasa katika shule na vyombo vya habari vya Kenya. Huku kwetu kompyuta ziliposambaa, watu walisema kompyuta, na mjadala ukaishia hapo.

Hali ilibadilika mwaka 2004. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kiliendesha mradi ulioitwa Kilinux, na mwezi Desemba mwaka huo ikatolewa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Mwaka huo huo kampuni ya Microsoft nayo ilitangaza nia ya kuzitia programu zake katika Kiswahili. Kwa mara ya kwanza mfasiri hakutakiwa kueleza kompyuta ni nini. Alitakiwa kuandika neno moja kwenye kitufe kidogo, neno ambalo mtu angelibonyeza na kitu kingetokea. Hiyo ni kazi ngumu kuliko kuandika kamusi. Kamusi yaweza kutoa maelezo ya mistari mitatu. Kitufe hakina nafasi hiyo.

Hapo ndipo neno hifadhi lilipokaa mahali pa "seivu", na tunathubutu kusema kwamba halikuchaguliwa vizuri zaidi neno lingine lolote katika orodha nzima. Lilikuwa na washindani. Weka ni fupi, lakini mtu huweka kitu popote, hata chini. Tunza lina huruma, lakini hutunzwa kilicho hai au kilicho na thamani ya muda mrefu. Okoa lingeleta fikra ya ajali. Hifadhi lilikuwa na maana mbili zilizokuwa zikifanya kazi tayari pwani: kushika moyoni, na kulinda kitu kisidhuriwe. Ukisafiri kutoka Bagamoyo kwenda kaskazini utaikuta maana hiyo ya pili imeandikwa kwenye vibao vya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ambako wanyama hufika hadi ufukweni. Mtoto wa chuo, askari wa wanyama na karani wa kompyuta wanatumia kitenzi kimoja, na hakuna hata mmoja anayemkosea mwenzake.

Wako wanaolalamika kwamba neno lenye kazi nyingi namna hii halifai kuwa istilahi, kwani istilahi yapasa kuwa na maana moja. Kanuni hiyo twaijua na twaiheshimu. Lakini yule mama wa madrasa hakufundishwa na kanuni. Alimwelewesha mzee kwa sababu neno lilikuwa na maana ya zamani ambayo yeye na mzee walikuwa nayo pamoja. Lau kitufe kingekuwa na neno jipya kabisa, lisilo na doa la matumizi mengine, wote wawili wangengoja maelezo ya kijana.

Maneno mengine ya bahati hiyo hiyo ni pakia na pakua. Katika mji ambao jahazi zilipakiwa na kupakuliwa kwa vizazi vingi, na ambako kila nyumba hupakua wali chunguni, si vigumu kueleza kwamba kitu kimetoka kwenye chombo kikubwa cha mbali kikaja kwenye sahani yako. Bofya nalo limeshika: ni kidole kinachojaribu embe kama limeiva. Kiwambo, kwa upande mwingine, halikushika tulivyotarajia. Bagamoyo ni mji uliopata Chuo cha Sanaa mwaka 1981, na huko kuwamba ngoma si habari ya vitabuni. Hata hivyo watu wamechagua kusema skrini, au kioo. Kioo hakikosi haki, kwa kuwa ndicho wanachokiona. Kuhusu puku na kipanya hatutasema mengi, ila kwamba wanafunzi wa darasa lile walisema "mausi" na kazi ikaendelea.

Linabaki neno zima, ambalo ndilo lililomponza mzee wetu. Kwenye mashine, tendo hili si moja: programu hufungwa, mfumo hukusanya vitu vyake na kuviweka mahali pake, na umeme hukatwa mwishoni kabisa. Zima linaeleza hatua ya mwisho tu. Limetokana na moto na taa, na mtu azimaye taa haiulizi taa kama iko tayari. Kwa hiyo wafasiri wanaotumia zima kwa tendo lote hili, na ndilo litumikalo sana, wanamwongoza mwanafunzi kwenye swichi ya ukutani bila kujua. Funga lingefaa zaidi, lakini limekwisha pewa kazi ya madirisha na ya mafaili. Kijana wa Bagamoyo, ambaye baba yake alikuwa na duka karibu na soko, alilitatua kwa njia yake. Wiki iliyofuata aliandika ubaoni kwa chaki, juu ya swichi: "Funga duka kwanza, taa baadaye." Maandishi hayo tuliyakuta bado yapo siku ya mwisho ya mafunzo.