Kauli Taarifa ya Kiingereza: Historia ya Somo Moja la Sarufi

Kauli taarifa ya Kiingereza, yaani kueleza maneno ya mtu mwingine bila kuyanukuu, iliingia vitabuni kwa mlango wa Kilatini. Katika shule za Uingereza za karne ya 16, sarufi iliyofundishwa ilikuwa ya Kilatini, na kitabu kilichotawala kilijulikana kwa jina la William Lily. Wanafunzi walisoma habari za vita za Julius Caesar, ambaye hotuba za wajumbe na majemadari aliziandika mara nyingi kwa kauli taarifa, nao wakazoezwa kuitambua na kuigeuza. William Bullokar alipotoa sarufi ya kwanza ya Kiingereza mwaka 1586, alifuata nyayo za Lily. Zaidi ya karne mbili baadaye, mwaka 1795, Lindley Murray alichapisha sarufi iliyoenea Uingereza na Marekani, na mpangilio wake bado ulikuwa na sura ya Kilatini.

Urithi mkubwa wa Kilatini katika somo hili ni kanuni ya njeo: kitenzi kikuu kikiwa cha wakati uliopita, kitenzi kinachokifuata nacho hurudi nyuma. 'I am ill' inakuwa 'He said that he was ill'. Kanuni hiyo ilikuwa na kazi nje ya darasa pia. Hadi mwaka 1909, kumbukumbu za Bunge la Uingereza ziliandikwa kwa kiasi kikubwa kwa nafsi ya tatu, mbunge akiripotiwa kwamba alisema hili na kupinga lile. Karani wa serikali naye alitakiwa kufupisha barua na mijadala kwa mtindo huohuo. Aliyeimudu kauli taarifa alikuwa na nafasi ya kupata kazi ya ofisini, na hiyo ni sababu mojawapo ya somo hili kukaa muda mrefu katika mitihani.

Kutoka Uingereza somo lilikwenda India, na huko ndiko lilikopata umbo ambalo wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki wangelitambua. Vitabu vya J. C. Nesfield vya mwishoni mwa karne ya 19, kisha kile cha P. C. Wren na H. Martin cha miaka ya 1930, vililigeuza kuwa zoezi la hatua kwa hatua: ondoa alama za kunukuu, badili nafsi, rudisha njeo nyuma, 'today' iwe 'that day', 'here' iwe 'there'. Vitenzi vilikuja mwisho, 'asked' kwa swali, 'ordered' au 'requested' kwa amri, 'exclaimed' kwa mshangao. Zoezi hilo ni rahisi kusahihisha, na pengine ndiyo maana limedumu. Lakini mwanafunzi aliweza kupata alama zote bila kujua nani anasema na nani, wala kwa nini maneno hayo yanahitaji kuripotiwa.

Mabadiliko makubwa yalianzia Japani. Harold Palmer alikwenda huko mwaka 1922, na mwaka uliofuata ikaanzishwa Tokyo taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza chini ya uongozi wake. Palmer alitaka lugha isikike kabla ya kuandikwa, na mazoezi yake yalianza na mambo ya kila siku: fungua mlango, chukua kitabu, eleza ulichofanya. Mwaka 1924 alifika Japani mwalimu mwingine, A. S. Hornby, ambaye baadaye alijiunga na kazi hiyo.

Hornby alilitazama tatizo kutoka upande wa kitenzi. Mwanafunzi aliyekwisha kuzoea 'He told me to go' huona ni sawa kusema 'He suggested me to go', na aliyezoea 'He told me' husema 'He said me'. Hakuna kanuni ya njeo inayotibu makosa hayo, kwa sababu kila kitenzi kina maneno yake ya kufuatana nayo. 'Tell' hudai mtu wa kuambiwa. 'Say' humtaka kupitia 'to'. 'Promise' hufuatwa na 'to', 'deny' hufuatwa na kitenzi chenye '-ing', na 'warn' humtaja kwanza anayeonywa. Hornby, pamoja na E. V. Gatenby na H. Wakefield, waliyapanga mahusiano hayo katika ruwaza 25, na kamusi yao ikachapishwa Tokyo mwaka 1942, wakati Japani na Uingereza zikiwa vitani. Oxford waliitoa upya mwaka 1948. Kwa historia ya somo hili, kamusi hiyo ina uzito kuliko sarufi yoyote iliyoitangulia, kwa kuwa ilimwonyesha mwanafunzi afanye nini na kila kitenzi.

Suala la mada za kila siku lilipata mpangilio rasmi baadaye. Mwaka 1975 Baraza la Ulaya lilichapisha kazi ya J. A. van Ek iliyoorodhesha yale ambayo mgeni anahitaji kuyasema katika lugha: nyumba, safari, chakula, afya, ununuzi, na mambo anayohitaji kuyatenda kwa lugha, kama kuomba radhi, kukubali na kukataa. Hapo vitenzi vya kuripoti vilipata makazi, kwani anayekataa leo kesho ataripotiwa kwamba 'refused'.

Afrika Mashariki ilipokea mambo haya kwa vipande. Mwaka 1957 ulianza Nairobi mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Januari 1961 wataalamu wa Jumuiya ya Madola walikutana Makerere na kusisitiza Kiingereza cha kuzungumza kianze mapema. Robert Phillipson aliushambulia mtazamo huo mwaka 1992, akidai kwamba ulizipuuza lugha za wanafunzi wenyewe. Tanzania ilichagua njia nyingine mwaka 1967 kwa kufanya Kiswahili kuwa lugha ya shule zote za msingi za umma, huku sekondari zikibaki na Kiingereza. Ripoti ya Criper na Dodd ya mwaka 1984 ilionyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuweza kufuata masomo kwa lugha hiyo. Kauli taarifa imo ndani ya shida hiyo, maana kusoma historia au sayansi ni kuripoti nani alidai nini, nani alikanusha, nani alithibitisha.

Hoja ya Phillipson ina nguvu hasa katika somo hili. Mswahili husema 'alisema atakuja' bila kurudisha njeo nyuma, ndiyo maana huandika 'He said he will come'. Ila katika suala la vitenzi, Kiswahili kinamsaidia. Kitenzi -ambia kinadai mtu, kama 'tell': aliniambia. Kitenzi -sema kinasimama bila mtu, kama 'say'; ukikitia mtu, 'alinisema', maana inageuka kuwa kulaumu au kusengenya. Mtoto wa darasa la kwanza anaijua tofauti hiyo kabla hajasikia neno moja la Kiingereza, lakini mazoezi yaliyorithiwa kutoka India hayakuwa na nafasi ya kuitumia.

Muhtasari wa somo la Kiingereza wa sekondari Tanzania wa mwaka 2005 ulileta mada kama kuzungumzia familia, kueleza mapenzi na machukizo, kutoa maoni na kusimulia yaliyopita. Hizo ndizo mada ambazo watu huripotiana kila siku. Mwalimu anayezifundisha aanze na -sema na -ambia, aende kwa -ahidi, -kana, -onya na -shauri kila kimoja na mwenzake wa Kiingereza, na kanuni ya njeo aiache ije baada ya hapo.