Waliomwomba Mungu Nauli ya Mtoto

Tarehe 3 Februari 1836, mhubiri mmoja mzaliwa wa Prussia aliketi katika chumba kidogo cha kanisa mjini Bristol, Uingereza, akisubiri watu walete majina ya yatima. Alikaa saa mbili nzima na hakuja hata mmoja. George Müller alikuwa ameshaombea nyumba, fedha, vyombo na wafanyakazi, na vyote vilikuwa vikimiminika: huyu kaleta kabati, yule sahani 28, visu 4 na uma 5. Akiwa njiani kurudi nyumbani ndipo alipong'amua kwamba katika sala zake zote hakuwahi kuomba watoto wenyewe waje. Jioni ile akaomba, na kesho yake ombi la kwanza likafika.

Kisa hicho alikiandika mwenyewe bila kuona haya, na tangu hapo kimekuwa ushuhuda wa nguvu ya sala. Lakini kinafichua jambo lingine. Habari za Wakristo waliochukua watoto wa wengine kwa kutegemea imani zimejaa fedha: zilivyokosekana, zilivyoombewa, zilivyoingia dakika ya mwisho. Alikotoka mtoto hutajwa kwa mistari miwili mitatu, kisha msimulizi anarudi kwenye bahasha iliyoletwa na mtu asiyejulikana.

Müller alikuwa na masharti magumu juu ya fedha. Tangu 1830 alikataa mshahara wa kanisa, na alipofungua nyumba ya kwanza katika mtaa wa Wilson, Aprili 1836, aliapa kutomwomba binadamu yeyote hata senti, wala kukopa. Kufikia 1870 alikuwa na majengo matano makubwa pale Ashley Down yenye nafasi za watoto 2,050. Alipofariki mwaka 1898, zaidi ya watoto 10,000 walikuwa wamepita mikononi mwake, na karibu pauni milioni moja na nusu zilikuwa zimepita pia. Kila mwaka alichapisha ripoti iliyotaja kila mchango, hata wa sarafu ndogo kabisa. Wakosoaji walisema ripoti ile nayo ni kuomba, na ni vigumu kuwabishia. Aliyeisoma hakuhitaji kuambiwa mfuko u wazi.

Kwa upande wa mtoto, hata hivyo, Müller hakutegemea imani. Alidai vyeti. Mtoto alipaswa kuwa amezaliwa ndani ya ndoa, awe amefiwa na baba na mama wote wawili, na awe hana kitu. Bila cheti cha ndoa na vyeti vya vifo, mlango haukufunguliwa. Sharti la ndoa lilikuwa katili, kwa kuwa liliwaadhibu watoto kwa kosa lisilo lao. Lakini sharti la vifo liliwalinda akina mama fukara wasinyang'anywe watoto kwa jina la huruma. Tena Müller hakumpa yeyote mtoto wa kuasili. Uingereza haikuwa na sheria ya kuasili hadi 1926. Watoto wake walitoka wakaenda kuwa watumishi wa majumbani na wanagenzi wa mafundi.

Mtindo huo wa kutomwomba mtu ulienea. Hudson Taylor aliuchukua mwaka 1865 alipoanzisha misheni yake ya China, na mwaka 1895 Peter Cameron Scott alishuka Mombasa na wenzake wachache wakiwa na kanuni hiyohiyo. Kazi yao ndiyo iliyozaa makanisa ya Africa Inland, ambayo Wakenya na Watanzania wanayajua vizuri.

Lakini aliyeifikisha imani hiyo kwenye ndege iliyojaa watoto ni mkulima wa Marekani.

Harry Holt wa Creswell, jimbo la Oregon, alijipatia mali kwa mbao na kilimo. Mwaka 1950 moyo nusura umuue, na alipopona alijiona ana deni kwa Mungu. Mwishoni mwa 1954 yeye na mkewe Bertha, muuguzi, walitazama filamu ya shirika la World Vision kuhusu watoto walioachwa na vita vya Korea, wengi wao wakiwa wa askari wa Kimarekani na wanawake wa Kikorea. Walikuwa na watoto sita wa kuwazaa. Wakaamua kuongeza wanane.

Sheria iliruhusu familia kuingiza yatima wawili tu. Harry hakungoja sheria ibadilike, akapanda ndege kwenda Korea katikati ya 1955. Njiani, hotelini Tokyo, aliomba ishara, akafungua Biblia na kidole kikaangukia Isaya 43, panapotajwa uzao kutoka mashariki. Nyumbani Bertha alishughulika na wabunge, na Bunge likapitisha sheria maalumu kwa ajili ya familia hiyo moja. Oktoba 14, Harry alitua Portland na watoto 12, wanane wake na wanne wa familia nyingine, waandishi wa habari wakiwa wamejaa uwanjani.

Barua zikafurika Creswell. Mwaka 1956 Holt alianzisha shirika. Akawa anasimama mahakamani Korea kwa niaba ya wanandoa wa Marekani ambao hawajawahi kumwona mtoto, kisha anakodi ndege na kuwasafirisha kwa makumi, wachanga wakilazwa katika masanduku ya kadibodi. Sharti lake kubwa kwa wazazi lilikuwa wawe wameokoka. Wataalamu wa ustawi wa jamii walipiga kelele kwamba mtu haasiliwi kwa posta. Yeye aliwaona ni watu wa makaratasi wanaochelewesha uhai. Njia hiyo ya uwakala ilizibwa kisheria mwaka 1961. Harry alifariki Korea mwaka 1964, akazikwa Ilsan.

Waliofuata nyayo zake hawakuwa na msitu wa kuuza. Kuanzia miaka ya 2000, kuasili mtoto wa nchi nyingine kuliweza kumgharimu Mmarekani dola 30,000 au zaidi, na kanuni ya Müller ya kukaa kimya ikageuzwa juu chini. Familia zilitangaza kwamba zinamtegemea Mungu, kisha zikauza fulana, zikatandaza nguo kuukuu mbele ya gereji, zikauza vipande vya picha ya kupanga, kila kipande kikiandikwa nyuma jina la mchangiaji. Mwimbaji Steven Curtis Chapman na mkewe walianzisha mfuko wa kuzisaidia familia hizo. Mkenya angeiita harambee, na asingeona ajabu. Mwaka 2004 watoto karibu 23,000 kutoka nchi nyingine waliingia Marekani kwa kuasiliwa.

Fedha nyingi hivyo zikiombewa upande mmoja wa bahari, upande wa pili hatokosekana mtu wa kuzitafutia mtoto. Katika Ethiopia na Uganda walijitokeza wazazi walio hai ambao walidhani mtoto anakwenda kusomeshwa na atarudi, kama anavyokwenda kwa shangazi mjini. Kongo ilisimamisha vibali vya watoto kusafiri Septemba 2013, na familia zilizokwisha lipa zikabaki zikituma fedha za malezi Kinshasa kwa miaka. Kenya ilifunga mlango kwa wageni wanaotaka kuasili Novemba 2014, Uganda ikakaza sheria 2016, Ethiopia ikapiga marufuku Januari 2018. Mwaka 2023 Marekani ilipokea watoto 1,275 tu.

Korea yenyewe ilichelewa kujihoji. Machi 2025 tume yake ya ukweli na maridhiano ilitamka kwamba serikali ilikiuka haki za watoto waliopelekwa ng'ambo: mashirika yaliwasajili kama wasio na wazazi watoto ambao wazazi wao walijulikana. Katika malalamiko 367 yaliyofikishwa mbele yake, tume ilianza kwa kuwatambua watu 56 kuwa waathirika. Julai mwaka huohuo kazi ya kuasili iliondolewa kwa mashirika binafsi, Holt ya Korea ikiwamo, ikawekwa chini ya serikali.