Lenzi za miwani: kioo, plastiki au polikaboneti?

Ukishapimwa macho na kupewa namba, dukani utaulizwa swali jingine: unataka lenzi za aina gani? Wengi wetu huchagua fremu kwa makini, halafu lenzi tunamwachia muuzaji.

Lenzi za kioo hazikwaruziki kwa urahisi, lakini ni nzito karibu mara mbili ya plastiki, na zikigongwa hutoa vipande vyenye ncha kali mbele ya jicho. Plastiki ya kawaida, inayojulikana kama CR-39, ni nyepesi, nafuu na huonesha vizuri. Kwa mtu mzima mwenye namba ndogo inatosha kabisa.

Mtoto, seremala, dereva wa bodaboda, na hasa mtu aliyebaki na jicho moja, aulizie polikaboneti. Haipasuki kirahisi, tena huzuia miale ya jua inayodhuru macho. Ila hukwaruzika upesi, hivyo hakikisha imepakwa utando wa kinga. Kwa kuchomelea vyuma haitoshi. Vaa kinga ya kazi hiyo.

Namba ikizidi 4, plastiki ya kawaida huwa nene. Zipo lenzi nyembamba za 1.67 au 1.74, na bei yake imechangamka. Kama namba yako ina alama ya kutoa, jaribu kwanza fremu ndogo: unene wa lenzi hizo uko pembeni, na fremu ndogo huukata.

Yoyote utakayochukua, isuuze kwa maji kabla ya kuifuta. Vumbi likisuguliwa kwa upindo wa khanga hukwaruza lenzi.